Mzee Bado Anaitwa

"Amejibu?"

"Bado, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Niongezee sukari."

Katika nyumba ile siku ilianza hivyo, swali likitangulia na salamu ikifuata. Mama alisimama jikoni na kikombe chake, akaitazama skrini ndogo ambayo binti yake alikuwa ameitundika ukutani, pembeni ya kabati la vyombo. Ilikuwa na mistari mitatu. Chumba cha Mbele: kipo. Chumba cha Nyuma: kipo. Hiyo miwili ilikuwa ya kijani. Wa tatu ulikuwa wa manjano, umeandikwa: Mzee: anaitwa. Mama aliusoma ule wa tatu tu, akashusha pumzi, akanywa chai yake.

Mzee alikuwa mumewe. Aliondoka kwenda mji mwingine kutafuta kompresa ya akiba, ile pampu ya kutia baridi, kompyuta yake ndogo ikiwa kwenye begi begani, na hakurudi. Hakupatikana hospitali, hakupatikana mahabusu, hakupatikana mochwari. Polisi waliliandika jina lake mpaka wakachoka kuliandika. Watu wa mtaani nao walikuwa na maelezo yao, na kila maelezo yalikuwa na mwanamke ndani yake.

Riziki ya nyumba ile ilitoka uani, kwenye vyumba viwili vya baridi ambamo hospitali iliweka chanjo na insulini. Umeme wa mtaa ule ulikuwa wa kukatika kila mara, na jenereta yao ndogo haikuweza kubeba vyumba viwili kwa pamoja. Zamani kila chumba kilikuwa na mashine yenye kichwa chake. Umeme ukikatika, kila moja iliivuta jenereta upande wake, mpaka jenereta ya kwanza ikaungua moshi ukafika kwa majirani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na ndivyo ilivyo hata kama fahali wenyewe ni wa bati na nyaya.

Binti ndiye aliyelimaliza tatizo lile. Alikuwa amesomea kuandika programu, na alijua kuna chombo ambacho waandishi wa programu wa kwingineko walikitengeneza wakakiachia watu bure, chombo cha kuzifanya mashine nyingi zikubaliane na ziendelee na kazi hata mojawapo ikianguka. Akaziunganisha tatu: mbili za vyumbani, na ya tatu ile kompyuta ya Mzee, iliyosikiliza kupitia mtandao popote alipokuwa, kwa kuwa Mzee hakupenda jambo lifanyike kwake bila yeye kuulizwa. Sheria ikawa moja. Hakuna amri mpaka wengi wakubali, yaani wawili kati ya watatu. Mmoja akianguka, wawili wanatosha. Akibaki mmoja, ananyamaza, kwa sababu hawezi kujua kama wenzake wamekufa au ni njia tu imekatika na huko waliko wanaamua vingine.

Chombo hicho kilikuja na neno lake kwa mashine isiyojibu: imekufa, kwa rangi nyekundu. Baada ya Mzee kupotea, binti alipokuwa akiyatafsiri maneno yake yote ili mama yake ayasome, alifika hapo hakuweza kuliandika. Akaandika "anaitwa", akabadilisha na rangi. Hakuwa amedanganya. Mchana na usiku, kila baada ya sekunde chache, zile mashine mbili zilituma neno fupi kwenda kwa ya tatu: upo? Zikasubiri kidogo. Kisha zikauliza tena.

Mama alilijua hilo na ndilo lililompa usingizi. Watu wote walikuwa wamechoka kumwita mumewe. Angalau hizo hazikuchoka. Sebuleni, kando ya kiti cha Mzee, chaja ya kompyuta yake ilikuwa bado imechomekwa ukutani, taa yake ndogo ikiwaka, na hakuna aliyethubutu kuichomoa. Ukiigusa ilikuwa na joto.

Mfamasia wa hospitali alikuja na kipimajoto chake mwenyewe, maana vya wengine hakuviamini. Alikuwa mwanamke nadhifu, wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa kubana.

"Usisimame mlangoni, mama, unaingiza joto," alisema.

Mama akajibanza ukutani, ndani ya ua wake mwenyewe, akashika mkoba wa yule mwanamke aliokabidhiwa bila kuombwa.

Mfamasia alipima rafu ya juu, akapima ya chini, hakukuta kosa. Akatoka, akaenda moja kwa moja jikoni kuitazama skrini.

"Hii ya tatu iko wapi?"

"Ni ya mume wangu," Mama alijibu.

"Nimeuliza iko wapi."

"Iko naye. Safarini."

Mfamasia akamgeukia binti. "Wewe ndiye uliyesoma. Mtaalamu wetu wa kompyuta ameipitia mipango yenu. Anasema mnampa kura mtu asiyekuwepo. Ikianguka moja ya hizi mbili, iliyobaki itakaa kimya na dawa zioze. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," binti alisema.

"Sasa mnatunza dawa za watoto au mnafuga mzimu?"

Mama aliinamisha macho kwenye mkoba alioushika, akauona ulivyo ghali, akaona na kucha zake mwenyewe zilivyokatika kwa kubeba maboksi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nikirudi niikute imetoka," Mfamasia alisema akichukua mkoba wake. "Vinginevyo dawa zetu zinahamia pengine. Ahsante kwa kunishikia."

Wakati wa chakula cha mchana mambo hayakuwa mazuri. Alikuwepo Baba Mdogo, ndugu yake Mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche kwa sababu alichomelea mageti na pia kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

"Shemeji," alisema huku akijipakulia mara ya pili, "asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakula chumvi bure."

"Lako wewe lipo," Mama alisema, "na ndiyo hiyo sahani hujaiosha tangu jana."

Binti akacheka, akajizuia. Kisha akasema alichokuja kukisema. "Mama, sikiliza. Nikimtoa Baba kwenye orodha, naweka mashine nyingine mahali pake. Ile ya zamani iliyo kabatini inafaa. Zitakuwa tatu, zote hapahapa uani, na yule mama hatakuwa na neno."

"Mahali pake," Mama alirudia.

"Kwenye programu, Mama. Si sebuleni."

"Kumwita kunakugharimu nini?"

"Kunanigharimu hivi: ikianguka moja tu, tumekwisha."

"Hazijaanguka."

"Zitaanguka. Kila kitu huanguka, Mama, ndiyo maana mtu akakaa akatengeneza chombo kama hiki."

Mama aliweka kijiko chini. "Na ukishamtoa, akaja akajibu? Itakuwaje?"

Binti hakupenda swali hilo. Alilijua jibu vizuri kuliko jina lake. Mashine iliyotolewa haipokelewi tena kwa jina lake la zamani, maana inaweza kurudi na amri zilizopitwa na wakati, ikajiona bado ndiye mkubwa, ikavuruga nyumba nzima.

"Haitapokelewa," alisema.

"Basi mwache kama alivyo," Mama alisema, akainuka na sahani ambayo hakuwa ameimaliza.

Wiki ile ile, jua likiwa la utosi, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Taa za uani ziliwaka nyeupe kupita kawaida, kisha ukasikika mlio kama wa kokoto kwenye kikaango, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka Chumba cha Mbele. Binti alipofika, mashine ya chumba hicho ilikuwa ikifuka moshi, upande mmoja umeyeyuka.

"Hiyo basi tena," Baba Mdogo alisema. "Hiyo hata mimi sichomelei."

Mama alikwisha kamata boksi la kwanza. Wote watatu walihamisha dawa kwenda Chumba cha Nyuma, wakipishana uani mbiombio, jasho likiwatiririka, mlango ukifunguliwa kidogo na kufungwa. Walipomaliza, Chumba cha Nyuma kilikuwa kimejaa mpaka dari, na kila tegemeo la nyumba ile lilikuwa mle ndani. Ndipo umeme ukakatika tena, safari hii bila kurudi.

Walisimama wakisubiri jenereta ingurume. Haikunguruma.

"Iwashe," Mama alisema.

"Haiwezi kuwashwa na mtu, Mama. Inawashwa na mashine."

"Si kulikuwa na swichi ya mkono?"

Binti alimtazama Baba Mdogo, naye Baba Mdogo akaanza kuzichunguza kandambili zake. Swichi ya mkono ilikuwepo kweli. Baba Mdogo aliitumia siku moja kuvuta umeme wa jenereta kwenye mashine yake ya kuchomelea, akasahau, na chanjo za hospitali nusura ziharibike kwa sababu ya geti la mtu. Siku ya pili yake binti alikata njia ya mkono yote. Aliichimba ukutani, akazika nyaya, akafunika kwa saruji, akamwambia kila mtu kwamba sasa hakuna kichwa cha binadamu kitakachoharibu kazi. Alijivuna sana siku ile.

"Naweza kuvunja ukuta," Baba Mdogo alisema kwa sauti ndogo.

"Mpaka uzipate hizo nyaya, dawa zitakuwa zimechemka."

Binti alikimbilia mashine ya Chumba cha Nyuma, iliyokuwa ikiishi kwa betri yake. Ilikuwa nzima kabisa. Ilijua umeme umekatika, ilijua joto linapanda, ilijua jenereta iko wapi. Ila ilikuwa peke yake, na haikuthubutu. Kwenye kioo chake iliandika neno lile lile, likifutika na kurudi: Chumba cha Mbele: anaitwa. Mzee: anaitwa. Ilikuwa ikiwangoja wenzake kwa adabu, na kipimajoto pembeni yake kilikuwa kikipanda.

"Kuna njia moja," binti alisema, bila kugeuka. "Naiambia kwamba imebaki yenyewe. Kwamba sasa orodha ina jina moja, na moja ni wengi wa moja. Itawasha."

"Fanya basi!" Baba Mdogo alisema.

Binti alibonyeza hapa na pale. Chombo kile hakikuwa cha kuchezewa. Waliokitengeneza walijua watu hufanya mambo gani wakiwa na haraka. Kikaleta swali lake la mwisho, ambalo binti mwenyewe ndiye aliyelitafsiri siku nyingi nyuma, bila kufikiri kwamba kuna siku litaulizwa: Je, una hakika kwamba wengine wote wamekufa? Andika ndiyo au hapana.

Vidole vya binti vilikuwa juu ya herufi. Chumba cha Mbele alikuwa na hakika nacho, kilikuwa kinanuka mpaka huku. Akajaribu kuandika, machozi yakamziba macho asione kibodi.

"Inasemaje?" Mama aliuliza nyuma yake.

Binti alimsomea.

Swali lile Mama alikwisha kuulizwa na polisi, akasema sijui. Aliulizwa na wakwe zake, akasema Mungu ndiye ajuaye. Aliulizwa na watu wa mtaani kwa macho, akapita haraka. Sasa aliulizwa na kidude cha chuma, ndani ya chumba kinachopata joto, na mgongoni mwake zilipangwa dawa za watoto wa watu.

"Inuka," alimwambia binti.

"Mama, acha mimi."

"Wewe ni mtoto wake. Mimi ndiye mkewe. Kama ni kuachwa, nitamwacha mwenyewe. Inuka."

Akakaa. Hakuwa mzoefu wa kibodi. Alitafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja. N. D. I. Alipofika Y alisimama, akaitafuta kwa muda mrefu ingawa ilikuwa mbele ya macho yake, akaibonyeza. Kisha O.

"Halafu?"

"Hicho kikubwa cha pembeni."

Mama akabonyeza. Uani jenereta ikakohoa, ikanguruma, na feni za Chumba cha Nyuma zikaanza kuzunguka. Upepo wa baridi ukampiga Mama shingoni. Alibaki amekaa palepale, mikono mapajani, mpaka kipimajoto kikarudi mahali pake.

Mfamasia alipokuja hakukuta dawa hata moja iliyoharibika. Alipita jikoni, akaitazama skrini, akakuta mistari mitatu ya kijani: vyumba viwili, cha Mbele sasa kikiwa na mashine mpya, na ile mashine ya kabatini. Akasema, "Sasa hapo sawa," akaenda zake. Safari hii mkoba aliushika mwenyewe.

Kilichowashangaza wote ni Mama. Alichomoa ile chaja ukutani, akaizungushia waya wake vizuri, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Akakaa kwenye kiti cha Mzee siku moja alipokuwa akichambua mchele, bila kukusudia, na alipogundua hakuinuka. Akaanza kumaliza chakula chake. Asubuhi hakuuliza tena. Alisema "Umeamkaje?" kama mama wa nyumba nyingine yoyote, na binti akajikuta analikosa lile swali la zamani, akajiona mjinga.

Siku moja kabla ya adhuhuri, binti alikuwa akipitia kumbukumbu za mashine, kazi ya kawaida, macho yakiteremka bila kusoma. Kisha yakasimama.

Mzee anaomba kuingia. Hatambuliki. Amekataliwa.

Chini yake tena: Mzee anaomba kuingia. Hatambuliki. Amekataliwa. Ilijirudia hivyo hivyo, mstari juu ya mstari, kwa ukurasa mzima, kisha ikakoma. Haikusema ombi lilitoka wapi. Kwa aliyetolewa hakuna kinachohifadhiwa zaidi ya hapo, na binti ndiye aliyechagua iwe hivyo, ili mashine zisijaze takataka.

Alitoka nje akamkuta Baba Mdogo anakwangua kutu kwenye geti la mtu, akamweleza kwa kunong'ona.

Baba Mdogo aliweka msasa chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mtu kainunua ile kompyuta mtumba huko, kaiwasha. Au mwizi."

"Na kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, ana miguu, na njia ya kuja hapa anaijua." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Usimwambie mama yako. Ameanza kula."

Binti aliamua kunyamaza. Uamuzi huo ulidumu mpaka mezani.

"Leo mbona hunitazami?" Mama aliuliza.

"Nakutazama, Mama."

"Unatazama chumvi. Nini?"

Binti akasema yote. Mama alisikiliza bila kumkatiza, mkono wake ukiwa juu ya meza, tuli.

"Ikamjibu nini?" aliuliza.

"Ilimkataa."

"Kwa maneno gani?"

"Hatambuliki. Amekataliwa."

"Hayo ndiyo yeye aliyoyaona huko aliko?"

"Kama ni yeye, Mama. Ndiyo."

"Maneno ya nani hayo?"

"Yangu. Niliyatafsiri mimi."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Mtu anabisha kwake. Anaambiwa hatambuliki." Macho yake yalikuwa makavu na yalimtisha binti kuliko machozi. "Na aliyesema ndiyo ni mimi."

"Ungefanyaje, Mama? Dawa zilikuwa..."

"Sijasema ningefanya vingine. Ningebonyeza tena hata leo." Akainuka. "Hayo maneno yanaweza kubadilishwa?"

"Yanaweza."

"Leta hiyo kompyuta yako. Andika nikwambiavyo."

Baba Mdogo, aliyekuwa ameingia kunawa, alisimama mlangoni na maji yakimdondoka viganjani, asijue atoke au abaki.

"Andika," Mama alisema. "Ulikuwa wapi?"

Binti akaandika.

"Ongeza. Tumekutafuta mpaka mochwari. Mwanao kakonda. Mimi wananishikisha mikoba." Akainama kwenye kioo, akayasoma. "Futa. Futa yote."

Binti akafuta. Kijistari kilibaki kinawaka na kuzimika kwenye nafasi tupu.

"Shemeji," Baba Mdogo alisema kwa upole, "na kama ni mwizi?"

"Mwizi naye asome." Mama alivuta kiti, akakaa karibu na binti yake, akayatoa maneno mojamoja ili yasipotee. "Andika hivi. Kazi yako hapa imeshapata mtu. Nyumbani hapajapata mtu. Njoo."

Binti aliyaandika, akayaweka mahali pa yale ya kwanza, akaonyesha kwa kidole kwamba tayari. Mama akaenda kabatini, akafungua kile kitambaa, akaichomeka chaja ukutani kando ya kiti. Taa ndogo ikawaka.

"Betri ya ile mashine ilikuwa haikai na chaji kabisa," alisema, bila kumwambia mtu. "Sijui alipata wapi waya. Ameazima kwa mtu."

Kesho yake alfajiri binti alimkuta jikoni, amesimama mbele ya skrini, kikombe kimepoa mkononi. Chakula cha usiku kilikuwa juu ya meza kama kilivyopakuliwa. Mistari yote mitatu ilikuwa ya kijani, na hapakuwa na wa nne, lakini macho ya Mama yalikuwa chini yake, pale pasipoandikwa kitu.

"Amesoma?" Mama aliuliza.

"Bado, Mama," binti alisema. "Shikamoo."